Riwaya za Ajabu Kivulini

Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hisabati wa Oxford aitwaye Charles Dodgson alipiga makasia kwenye mto Thames pamoja na rafiki yake na wasichana watatu wa familia moja. Njiani akawabunia hadithi ya msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura. Alice, mmoja wa wale watatu, alikuwa na umri wa miaka 10, naye akamwomba amwandikie. Kitabu hicho, Alice's Adventures in Wonderland, kilitoka 1865 kwa jina lake la kalamu, Lewis Carroll. Basi moja ya riwaya za watoto zilizosomwa sana duniani haikuanzia mezani. Ilianzia nje, mtoni, mbele ya watoto waliokuwa wakidai iendelee.

Ndiyo maana naamini kwamba riwaya za fantasia, yaani za mambo ya ajabu, hunoga zaidi nje. Mtoto anayesikia habari za msitu unaoongea huku majani yakitikisika juu yake halazimiki kuwazia kila kitu. Nusu ya kazi imeshafanywa na mti. Familia yenye watoto wadogo nayo haihitaji safari wala matayarisho makubwa ili ifaidi kiangazi. Kivuli, mkeka, maji ya kunywa na kitabu kimoja vinatosha. Kimoja tu, kwa sababu vikiwa vitatu mtakaa kubishana kipi kianze.

Kitabu chenyewe kichaguliwe kwa urefu wa sura kabla ya kitu kingine chochote. Kusoma kwa sauti kwa mwendo ambao mtoto anaufuata ni kama maneno 130 kwa dakika. Hadithi ya Alice, katika matini yake ya Kiingereza, ina maneno takriban 27,000 katika sura 12, yaani kila sura huchukua dakika 17 hivi. Kisa cha mchawi wa Oz alichokitoa L. Frank Baum mwaka 1900 kina sura 24 fupi, na nyingi huisha kabla ya robo saa. Kwa watoto wa miaka minne au mitano wanaoonja riwaya kwa mara ya kwanza, hicho ndicho kipimo ninachokipenda. The Hobbit, riwaya ya J. R. R. Tolkien ya 1937, ni mzigo mwingine: maneno kama 95,000 kwa sura 19, hivyo sura moja hukaribia dakika 40. Si kwamba haifai. Inafaa sana, ila kila sura igawanywe mara mbili au tatu, na mahali pa kukatia pawekewe alama ya penseli mapema. Anayefasiri papo kwa papo kwa Kiswahili aipitie sura usiku wa kuamkia siku hiyo, la sivyo atakwama kwenye mashairi na mafumbo, na watoto watamkimbia.

Pa kukatia pia pana ufundi. Jambo likiachwa halijajulikana, mtoto atalifikiria akicheza hadi kesho: mlango unaelekea wapi, nani ameiba ufunguo. Lakini msiache mhusika akiwa mikononi mwa adui kama kinachofuata ni kitanda. Soma kurasa mbili zaidi hadi apate pa kujificha.

Muda mzuri ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo miale ya jua huwa mikali zaidi. Njia rahisi ya kupima ni kutazama kivuli cha mtoto mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua ni kali na watu wakae pasipofikiwa nalo. Losheni ya kuzuia jua iwe ya kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, ipakwe tena kila baada ya saa mbili, na tena baada ya kuogelea. Mtoto mchanga asiyefikisha miezi sita hategemei losheni. Kinga yake ni kivuli, kofia pana na nguo nyepesi zinazofunika mikono na miguu.

Kivuli hakitulii. Jua linapoelekea magharibi, kivuli huhamia mashariki, asubuhi na alasiri vilevile. Kwa hiyo mkeka utandikwe kwenye ukingo wa mashariki wa kivuli. Ukitandikwa katikati, sura haijaisha na nusu ya familia imeshaanikwa.

Namna ya kukaa nayo ina hesabu yake. Msomaji akilipa jua mgongo, wasikilizaji ndio watakaopigwa machoni. Akilitazama, kurasa nyeupe zitamchoma macho yeye. Jua liwe ubavuni mwa wote. Upepo utoke nyuma ya msomaji kwenda kwa watoto, kwa kuwa nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na maneno yakipeperushwa upande mwingine hata kupaza sauti hakusaidii. Wakae karibu, mita moja au moja na nusu. Wahusika watofautishwe kwa mwendo wa maneno kuliko kwa kukoromesha koo: jitu liongee polepole, sungura aseme haraka haraka, malkia akate kila neno. Sauti za kukwaruza husahaulika kufikia sura ya nne, na mtoto wa miaka sita atakukumbusha mara moja kwamba joka haliongei hivyo.

Nasisitiza hili kwa moyo wote: msomaji si mlinzi. Macho yaliyo kwenye ukurasa hayaoni mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeondoka mkekani. Pakiwa na mto, bwawa, ufuo, au hata beseni la maji, lazima awepo mtu mzima mwingine asiyesoma na asiyeshika simu. Mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha. Kama mtu mzima ni mmoja tu, someni mbali na maji. Anayetambaa naye atafutiwe sehemu isiyo na kokoto na mbegu, maana chochote kinachopenya kwenye bomba la katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.

Kitabu kikifungwa, acheni. Msiulize maswali ya ufahamu. Mtoto aliyeielewa hadithi ataionyesha kwa mchezo, na kazi ya mkubwa ni kuweka vitu vichache karibu: shuka kuukuu, kamba, vijiti. Kwa pango au hema, kamba ifungwe kati ya miti miwili kwa urefu wa kiuno cha mtu mzima, shuka la mita mbili kwa mbili na nusu litupwe juu yake, pembe zishikiliwe kwa mawe mazito. Kosa la kawaida ni kamba iliyolegea, hivyo shuka hubonyea katikati na kuwafunika vichwa. Ivutwe hadi iwe ngumu kabla ya kuweka shuka. Mchezo ukiisha, kamba ishuke pamoja na shuka. Kamba tupu huonekana kwa shida jioni, na anayekimbia anaweza kuivaa shingoni.

Fimbo ya mchawi iwe na urefu usiozidi mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, ncha zisuguliwe kwenye jiwe hadi ziwe butu. Ramani ya nchi ya hadithi ichorwe mchangani: mto kwa kisigino, milima kwa viganja, msitu kwa majani yaliyochomekwa. Watoto wenyewe watabishana kasri liko upande gani, na ubishi huo una thamani kubwa kuliko karatasi yoyote ya kupaka rangi.

Na kitabu chenyewe kitachakaa. Mchanga uliopenya kwenye mshono ukung'utwe kikiwa kimefunguliwa na kuelekezwa chini, kwa brashi laini, kwani kukifunga ukiwa ndani hukwangua kurasa. Kikilowa umande au maji, msikianike juani. Upande mmoja hukauka kabla ya mwingine na kurasa hujikunja. Tieni karatasi zinazofyonza maji kila baada ya kurasa chache, mkizibadilisha zinapolowa, mahali penye hewa na kivuli. Kikibaki na unyevu kidogo tu, kilazwe chini ya vitabu vizito hadi kikauke kabisa.