Funguo Nne za Leisnig

Treni kutoka Leipzig ilisimama karibu kila kijiji. Nikashukia Leisnig, mji mdogo wa Ujerumani, bondeni kando ya mto Freiberger Mulde, na mji wenyewe uko juu. Nilipanda kilima nikihema kama niko Machame, ila huku hakuna wa kukupokea mzigo.

Wengi huja kuiona ngome ya Mildenstein. Mimi nilifuata habari za sanduku. Mwaka 1523 washarika wa hapa walikubaliana mali yote ya kanisa iingie sanduku moja: humo mchungaji alipwe, shule iendeshwe, fundi aliyekwama akopeshwe, yatima na wazee walishwe. Kuombaomba kukapigwa marufuku. Mapato yasipotosha, kila mwenye nyumba atozwe kwa kadiri ya uwezo wake. Martin Luther, kiongozi wa matengenezo ya kanisa, akawaandikia dibaji ya makubaliano hayo.

Lakini kilichonileta hasa ni kufuli. Zilikuwa nne, na funguo nne: mmoja wa makabaila, mmoja wa baraza la mji, mmoja wa wenyeji wa mjini, mmoja wa wakulima. Niliwahi kuwa mweka hazina wa mtaa wa kanisa nyumbani. Sanduku letu la diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mtu mmoja. Yaliyofuata niacheni nisiyasimulie.

Kabla ya Luther, sadaka kwa maskini ilikuwa akiba ya mtoaji mbinguni. Luther akafundisha kwamba wokovu haununuliwi kwa matendo; basi ombaomba akaacha kuwa ngazi ya tajiri, akawa jirani mwenye njaa, na njaa yake ikawa shauri la mji mzima. Leisnig penyewe mambo yalikwama, maana baraza lilikataa kukabidhi mali. Wazo ndilo lililosafiri: mwaka 1537 Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alikwenda Denmark kupanga kanisa la huko upya, na masanduku ya maskini yakawemo. Sheria ya Denmark ya kuwasaidia wazee kwa fedha za kodi ilikuja 1891. Sisemi ni kazi ya Luther peke yake. Vyama vya wafanyakazi navyo vilipigana sana.

Jioni, stesheni, nilikaa na bibi mmoja. Kwa Kijerumani changu cha kuungaunga nikamuuliza habari za pensheni. Huingia benki kila mwisho wa mwezi, akasema. Na kanisani, bibi, unakwenda? Akacheka mpaka akakohoa.