Nilivyofuatilia saratani ya upande wa baba

Nilipomweleza daktari wangu wa familia hapa Leicester kwamba shangazi zangu wawili walifariki kwa saratani, aliniuliza saratani ya kiungo gani, na iligunduliwa wakiwa na umri gani. Sikuwa na jibu. Nyumbani Tanga tuliambiwa tu kwamba mmoja aliumwa tumbo na mwingine alikuwa na uvimbe.

Kazi kubwa ilikuwa kuijaza fomu aliyonipa. Bibi hakuwa mtu wa kuulizwa mambo hayo papo kwa papo, kwa hiyo nilimpigia jioni tatu mfululizo, nikamwamkia na kumjulia hali, hadi jioni ya tatu aliposema mwenyewe, "Mjukuu wangu, shangazi yako mkubwa halikuwa tumbo, ni kizazi." Baadaye vyeti alivyovihifadhi vilionyesha saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, katika umri wa miaka 46. Kwa kuwa Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo, kando ya kila jina niliandika "dada wa baba". Wengi wetu huamini kwamba saratani ya matiti hurithiwa kwa mama pekee, ilhali baba mwenye hitilafu ya jeni, hata akiwa mzima kabisa, huweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Daktari alinipa rufaa kwenda kliniki ya vinasaba, ambako walitaka kuanza na ndugu aliyekwisha kuugua, kwani hitilafu ya ukoo ikishajulikana, jibu la wengine huwa la uhakika zaidi. Binti wa shangazi mkubwa, aliyetibiwa saratani ya matiti akiwa na miaka 38, alikubali kutoa damu, ikaonekana hitilafu katika jeni ya BRCA1, ambayo ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari pia. Baba alishafariki bila kupimwa, hivyo uwezekano wangu ulikadiriwa kuwa asilimia 25.

Ninayo. Nina miaka 34. Kila mwaka napigwa picha za matiti kwa mashine ya MRI, na tumeanza kuzungumzia upasuaji wa kuondoa ovari na mirija ya uzazi kabla sijafika miaka 40.

Kliniki ilinipa barua ya kuwapelekea ndugu. Kaka yangu, mwenye mabinti wawili, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake, nami nikamkumbusha habari ya baba. Barua nimeitafsiri kwa Kiswahili. Jumapili tutaisoma kwa simu, yeye na wifi wakiwa pamoja.