Nilivyopata wasaa wa kuandika katika giza la Inari

Wengi nyumbani huniuliza habari za baridi. Baridi ina dawa yake: nguo za sufu zinazogusa mwili, koti zito juu, viatu vikubwa kuliko mguu ili soksi mbili zipate nafasi. Kilichonielemea mimi ni giza. Kijijini Inari, huku Lapland, kaskazini mwa Ufini, jua halichomozi tangu mwanzoni mwa Desemba hadi karibu na tarehe 10 Januari. Si kwamba ni usiku wa manane muda wote. Kama saa nne asubuhi mbingu hupata rangi ya samawati, theluji nayo huusambaza ule mwanga kidogo uliopo, ukaona njia na miti. Ikifika saa nane mchana giza limesharudi. Wenyeji huuita msimu huo kaamos.

Nimekuwa nikiandika hadithi tangu nikiwa shuleni Pangani. Huku, majira ya baridi yakiingia tu, hamu ilikuwa ikinitoka. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwapa dawa, kuwaogesha, kuhakikisha wamekula. Natoka gizani, narudi gizani, na katikati kuna kukwangua barafu kwenye vioo vya gari na kuchomoa ule waya wa umeme unaopasha injini usiku ili asubuhi iwake. Jioni mwili unataka kitanda tu. Nilinunua taa ya mwanga mkali ambayo watu wengi hapa hukaa mbele yake asubuhi, na vidonge vya vitamini D, na vyote vinasaidia. Sitaki mtu avidharau. Ila taa haikunipa la kuandika.

Nafasi ya kuandika niliipata kwenye jiko la kuni. Nyumba yetu ina jiko la matofali linalokaribia kufika darini. Ukiliwasha jioni, matofali hushika joto hadi asubuhi. Kuni ni za koivu, mti wa gome jeupe jembamba linaloshika moto upesi hata likiwa na unyevu. Magogo makubwa unayalaza chini, vijiti na magome unaviweka juu, kisha unawasha kutoka juu ili moto ushuke wenyewe polepole. Moto ukiisha, lazima ufunge kilango cha chuma kilichoko kwenye bomba la moshi, la sivyo joto lote litapandia huko. Lakini ukikifunga kungali na makaa mekundu, hewa ya sumu inabaki ndani, haina harufu wala rangi. Aliyewahi kusikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani isiamke, anaijua hewa hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja lazima akae macho hadi kaa la mwisho life. Mume wangu huamka alfajiri kwenda kusafisha barabara kwa mashine ya theluji, hivyo kukesha na moto kukawa zamu yangu.

Hapo ndipo daftari lilipoingia. Sikuwa na pa kwenda, kulala siwezi, simu nimeiacha chumba kingine. Saa mbili hivi za moto, kila jioni, kwenye kigoda, mgongo ukipata joto. Sikujiuliza tena kama nina hamu au sina. Moto umewashwa, basi daftari linafunguliwa. Kwa mtu mwenye ajira na familia, naona hili lina nguvu kuliko ratiba yoyote ya kuandikwa ukutani: tafuta kazi ya nyumbani inayokufunga mahali pamoja bila kukushughulisha mikono, uandike humo.

Cha kuandika nilipewa na baba. Baba yangu amevua Pangani tangu ujana wake, kwa ngalawa, kisha kwa mashua ya injini. Siku moja nilimpigia, baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia kwamba jirani yetu, mzee wa Kisami, yaani wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, amenichukua ziwani kutega nyavu chini ya barafu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hebu niandikie. Kwenye simu sikuoni mikono. Niandikie wavu unapitaje."

Nikamwandikia. Ziwa Inari lina ukubwa unaopita kilomita za mraba 1,000 na visiwa zaidi ya 3,000, na kwa kawaida huganda Novemba hadi Juni. Kufikia Machi barafu yake hupita nusu mita. Unatoboa shimo la kwanza kwa keekee kubwa ya kusimamia, unalipanua kwa mtaimbo, kisha unatumbukiza ubao mrefu uliofungwa kamba. Ubao unaelea, unajibandika chini ya barafu. Una mkono wa chuma: ukivuta kamba, mkono unaikwaruza barafu kwa chini na kuusukuma ubao mbele, ukilegeza, unarudi mahali pake, unavuta tena. Mwenzako anatembea juu akiufuata, sikio chini, kwa sababu unasikika ukigonga. Kamba ikitosha urefu wa wavu, anatoboa shimo la pili hapo ulipo, anautoa ubao, na sasa mna kamba iliyopita chini ya barafu kutoka shimo hadi shimo. Wavu unafungwa kwenye kamba hiyo na kuvutwa hadi ukae sawa, maboya juu, vizito chini.

Baba alijibu kwa maswali, na mdogo wangu ndiye aliyeyaandika: "Dada, baba anauliza, wakati wa kutoa samaki mnatoboa upya? Na wavu ukitoka majini haugandi? Na mikono je?" Ikabidi nirudi ziwani na mzee, safari hii nikitazama kwa macho ya baba. Mashimo hayatobolewi upya, ila ganda jipya linalofanyika juu huvunjwa kwa mtaimbo. Kamba ndefu hufungwa kwenye ncha moja ya wavu, ukauvuta wavu kutokea shimo la pili, nayo kamba inaingia chini kushika nafasi yake. Ukishatoa samaki, unavuta kamba, wavu unarudi. Na ndiyo, unaganda: ukiuacha juu ya theluji muda mfupi tu unakakamaa, hivyo hufanywa haraka. Mikono inabaki mitupu, kwa kuwa glavu hazifungui nyuzi kwenye matamvua ya samaki. Mzee anapohisi vidole vimekufa anavichovya ndani ya shimo, maana maji yale yako karibu na sifuri wakati hewa iko nyuzi 15 chini yake. Nilichovya vyangu. Kweli maji yana nafuu.

Kutoka hapo barua zikawa sura. Nikaandika juu ya siika, samaki mweupe tunayemkaanga kwa siagi. Juu ya theluji inayolia chini ya kiatu baridi ikizidi. Juu ya kope zinazoshikana ukitembea kuukabili upepo. Baba hakuwa na haja ya mapambo. Alitaka kujua kamba imetengenezwa na nini na nani anamiliki maji. Kila nilipoandika sentensi ya kupendezesha tu, hakuiuliza kitu, na nikajua ni ya kufutwa. Sijawahi kupata mhariri bora.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Nje natumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huwa mzito kwenye baridi na kugoma. Simu naiweka kifuani, vinginevyo betri inakufa ingali inaonyesha chaji. Kompyuta ikitoka garini naiacha ndani ya begi lake hadi ilingane na joto la nyumba, maana ukiifungua papo hapo inatokwa na jasho la unyevu ndani na nje.

Kuna jambo jingine lililonitia nguvu, nalo nalijali kuliko yote. Inari ni jina la wilaya yetu pia, nayo ina lugha nne rasmi: Kifini na lugha tatu za Kisami. Mojawapo, Kisami cha Inari, ina wasemaji mia kadhaa tu duniani kote, na ilifika mahali watoto karibu hawaijui kabisa. Mwaka 1986 wenyewe wakaunda chama cha lugha yao. Mwaka 1997 wakafungua shule ya chekechea ambamo watoto wadogo wanalelewa kwa lugha hiyo tu, na leo waliopita humo wamekuwa watu wazima. Kuna mwanamuziki wa hapa, Amoc, anayerapu kwa lugha hiyo. Kwenye jengo la Sajos, lililofunguliwa 2012 na ambamo Bunge la Wasami hukutana, kuna maktaba, na nimesimama mbele ya rafu ya vitabu vyao nikivigusa kimoja kimoja. Vyote viliandikwa na watu waliojua kwamba wasomaji wao wote wangeweza kukaa katika ukumbi mmoja.

Nilikuwa nikisikia watu wetu walioko Ulaya wakisema hakuna faida kuandika kwa Kiswahili ukiwa huku, eti nani atasoma. Sikubaliani nao hata kidogo. Jirani yangu yule mzee huandika majina ya mawe na ghuba za ziwa katika daftari lake kwa Kisami, kwa ajili ya wajukuu. Sisi wenye lugha ya makumi ya mamilioni ya watu tuna kisingizio gani? Na mambo ya huku yanahitaji kuandikwa kwa Kiswahili na mtu anayeyaishi, kwa kuwa kijana wa Kigoma au Bukavu anayeletwa na familia yake kaskazini hii leo hana pa kusoma habari za kilango cha bomba la moshi.

Jua likirudi Januari, siku za kwanza linachungulia kidogo tu upeo wa kusini, watu wanasimama nje kulitazama. Naendelea kuandika hadi Aprili, maana usiku bado unahitaji moto. Halafu kazi inageuka: ni wakati wa kupasua kuni za mwaka ujao ili zikauke kiangazi. Kuanzia mwishoni mwa Mei jua halizami tena kwa takriban miezi miwili, na hakuna anayekaa ndani.

Baba ameshanipa swali la msimu ujao. Amesikia kwamba kulungu wafugwao huku huzurura msituni pasipo mchungaji, anataka kujua mwenye mali humtambuaje wake. Ninachojua hadi sasa ni kwamba kila mfugaji ana alama yake ya kukata sikioni, na ndama hutiwa alama kiangazi. Jirani amekubali kunipeleka. Nimeshaomba ruhusa kazini.