Jioni ya 63 kwa 3

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alishaamua kabla sijafika kwake kwamba timu yangu ya chuo, Florida State, itafungwa na Georgia yake kwenye mpira wa Kimarekani, na sababu alikuwa nayo mkononi: ligi yetu, ACC, ni ya ndondo. Alinitumia ujumbe wa sauti nikiwa Albany, Georgia, nimesimama kujaza mafuta. "Dogo, njoo na leso. Huko ACC mmezoea kuchezea watoto."

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2023. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya pili Tallahassee, mji wa Chuo Kikuu cha Florida State. Yeye ni dereva wa malori na anaishi Marietta, nje kidogo ya Atlanta. Chuo Kikuu cha Georgia hajawahi kukanyaga hata geti lake, lakini ukimsikia akisema "sisi" utadhani ndiye aliyekijenga. Wote wawili mpira huu wa Kimarekani tumeukuta ukubwani, na labda ndiyo maana umetushika vibaya kuliko wenyeji.

Kwa asiyeufuatilia: timu za vyuo zimegawanyika katika konferensi, na jina la konferensi lina uzito kuliko magoli. SEC ni ya kusini, nyumbani kwa Georgia, Alabama, LSU na Florida. Kuanzia msimu wa 2006 hadi wa 2012 bingwa wa taifa alitoka kwao miaka 7 mfululizo, na tangu hapo sifa yao inafika uwanjani kabla ya wachezaji. Timu ya SEC ikifungwa mechi moja utaambiwa ligi yao ngumu. Timu ya ACC ikishinda zote utaulizwa, kwani imemfunga nani?

Sisi tulikuwa tumewafunga wao. LSU ilichapwa 45 kwa 24 pale Orlando mwezi Septemba, na Florida ikalala 24 kwa 15 nyumbani kwake mwezi Novemba. Zote mbili ni za SEC. Katikati ya furaha hiyo, Novemba 18, tukicheza na North Alabama, timu ndogo ambayo hakuna aliyeiogopa, kwotabeki wetu Jordan Travis, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alivunjika mguu robo ya kwanza tu. Nilikuwa jukwaani siku ile. Wenzake wote walitoka benchi wakamzunguka, akapakiwa kwenye kigari, na mama mmoja mbele yangu aliyekuwa amejipaka rangi ya dhahabu usoni akawa anajifuta kwa kiganja mpaka rangi ikamwisha shavu moja. Tulishinda 58 kwa 13 na sikumbuki mtu aliyeshangilia kwa moyo.

Desemba 2 tukatwaa ubingwa wa ACC kwa kuifunga Louisville 16 kwa 6, kwotabeki akiwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeanza msimu akiwa chaguo la tatu. Mechi 13, ushindi 13. Kesho yake kamati ya uteuzi ikataja timu 4 za mtoano wa ubingwa: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Sisi wa tano. Tangu mfumo huo uanze 2014, haikuwahi kutokea bingwa wa konferensi kubwa ambaye hajafungwa hata mechi moja akaachwa nje. Alabama walikuwa wameshafungwa na Texas mwezi Septemba, lakini walikuwa Alabama, na walikuwa SEC. Kamati ilisema bila Travis sisi ni timu nyingine. Travis mwenyewe akaandika mtandaoni kwamba angetamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu wapate nafasi ya kuona kuwa timu si yeye peke yake.

Tukapangiwa Orange Bowl, Miami, dhidi ya Georgia. Bowl ni mechi za mwaliko za kufungia msimu: kombe lipo, televisheni ipo, hela ya vyuo ipo, ila ubingwa haupo. Ndipo majina ya wachezaji wetu yakaanza kudondoka. Keon Coleman hachezi. Johnny Wilson hachezi. Trey Benson, Jaheim Bell, Jared Verse, hawachezi; wanajiandaa na drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Wengine walikuwa wameshaaga kwenda vyuo vingine. Waliokosekana walizidi 20.

Basi nilipofika Marietta mjadala ulikuwa unanisubiri pamoja na pilau.

"Umevaa jezi, umekula chakula cha timu, unacheza," kaka alisema. "Hizi habari za kususa zimeanza lini?"

Nikamwambia si kususa. Zilianza kusikika sana Desemba 2016, Christian McCaffrey wa Stanford na Leonard Fournette wa LSU walipokataa kucheza mechi zao za bowl. Watu waliwatukana weee, lakini drafti ilipofika Fournette akachukuliwa wa 4 na McCaffrey wa 8. Na walikuwa na sababu. Januari 1 ya mwaka huo huo, Jaylon Smith wa Notre Dame alikuwa amecheza Fiesta Bowl dhidi ya Ohio State, akaumia goti mpaka mshipa wa fahamu. Kijana aliyetajwa kuwa miongoni mwa watano wa kwanza akaja kuchukuliwa wa 34, na msimu mzima uliofuata hakugusa uwanja.

Shemeji alikuwa anakatakata kachumbari. Ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na kwa kawaida mpira haumhusu. Jioni za mechi hukaa jikoni na tamthilia yake. Siku ile aliweka kisu chini.

"Goti lile unajua linavyofungwa?" alimuuliza mumewe. "Mimi nawatembeza watu wa magoti kila siku. Wapo wanaolia kwa kushuka ngazi moja. Sasa mtoto wa watu avunjike kwa ajili ya kombe la machungwa?"

"Mpira ndivyo ulivyo, mama."

"Na wewe ulipoumia mgongo kule ghalani, kampuni ilikungoja?"

Kaka akajipakulia pilau. Mjadala wa wachezaji ukaishia hapo, na mimi nilikuwa upande wa shemeji moja kwa moja. Kamati ndiyo iliyowaonyesha vijana kwamba unaweza kushinda kila mechi na bado isihesabike. Halafu tukawashangaa walipojipigia hesabu zao wenyewe.

Mechi ilianza saa kumi jioni. Mtoto wa kaka, ana miaka kumi hivi, alikaa chini mbele ya televisheni na jezi nyekundu inayomfika magotini, na kila Georgia wakifunga alibweka. Mashabiki wa Georgia wanabweka kweli, wazee kwa watoto, kwa sababu alama yao ni mbwa. Mpira wetu mmoja wa kupigwa kwa mguu ulipopita kati ya milingoti na kutupa pointi 3, nilinyanyuka. Sikupata sababu nyingine ya kunyanyuka jioni ile.

Mapumziko yalifika ikiwa 42 kwa 3. Glenn alikuwa akipokea mpira, anatazama mbele, na wale anaowatazama nilikuwa siwafahamu majina, mimi niliyeangalia kila mechi. Kaka akamsimamisha mwanawe, wakaimba pamoja kwa mkono juu: "Es-I-Si! Es-I-Si!" Kaka akanigeukia. "Unaona? Konferensi ni konferensi. Alabama wangekuja hapa, yangekuwa haya haya. Sisi wote damu moja."

"Alabama si ndio waliowafunga nyie juzi?" Nilikuwa nakumbusha fainali ya SEC pale Atlanta, 27 kwa 24, iliyokata mfululizo wao wa ushindi wa mechi 29.

"Ndugu wakigombana haikuhusu."

Iliisha 63 kwa 3. Tofauti ya pointi 60 ilikuwa haijawahi kuonekana katika mechi ya bowl. Rekodi ya awali, 58, waliiweka Georgia hao hao walipoifunga TCU 65 kwa 7 kwenye fainali ya Januari. Kufikia robo ya nne mtoto alikuwa amechoka kubweka, anacheza na kijimpira chake. Hata kaka aliacha kunitania, na kaka akiacha utani ujue mambo ni mazito. Kocha wa Georgia, Kirby Smart, alisema baada ya mechi kwamba watu waangalie kilichotokea na walirekebishe jambo hili. Naye pia alikuwa na wachezaji waliokosekana, akiwemo Brock Bowers, ila kapu lake lilikuwa na kina.

Kilichonichoma ni kelele za usiku ule mtandaoni. Matokeo yale yakawa ushahidi: mnaona, kamati ilikuwa sahihi, ACC si lolote. Timu iliyoifunga LSU haikuwepo Miami. Ilikuwepo jezi yake tu, na watu wakaihukumu ligi nzima kwa jezi. Nililala kwenye sofa nikijibizana na watu nisiowajua mpaka simu ikaisha chaji.

Sikuondoka kesho yake, maana shemeji alikataa kunifungulia mlango kabla ya mwaka mpya. Januari 1 tukakaa tena pale pale, safari hii Rose Bowl, nusu fainali: Alabama waliochukua nafasi yetu dhidi ya Michigan. Kaka alivaa jezi yake ya Georgia "kwa heshima ya konferensi." Muda wa kawaida ukaisha 20 kwa 20. Muda wa nyongeza Michigan wakafunga, na Alabama, wakiwa na nafasi ya mwisho karibu kabisa na mstari, wakampa mpira kwotabeki wao akimbie katikati, akazimwa. 27 kwa 20.

Nikanyanyua mkono juu. "Es-I-Si," nikaanza, taratibu.

"Hao ni Alabama," kaka alisema, akitafuta rimoti. "Sisi ni Georgia."