Mfalme Aliyejifanya Mgonjwa: Nilivyoshuka Kaburini Guangzhou

Wafanyabiashara wengi tunaofuata mzigo Guangzhou, China, tunaijua Xiaobei, mtaa wa Waafrika, tunayajua masoko ya nguo na viatu, basi. Safari hii mzigo wangu ulikuwa haujatoka kiwandani, wakala akaniambia nivute subira. Nikapanda metro hadi kituo cha Yuexiu Park, nikafuata barabara ya Jiefang Bei mpaka kwenye jengo la mawe mekundu, makumbusho ya kaburi la mfalme wa kale.

Mwaka 1983, mafundi waliokuwa wakichimba msingi kwenye kilima kilichopo hapo walikutana na kaburi, yapata mita 20 chini. Aliyezikwa humo ni Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa China, aliyetawala kuanzia mwaka 137 hadi 122 KK.

Kaburini unaruhusiwa kushuka. Ni vyumba saba vya mawe, vimebanana, na jasho lilinitoka. Mfalme hakuzikwa peke yake: watu 15 waliuawa ili wamsindikize, wakiwemo masuria wanne na watumishi wa jikoni. Nilipanda juu haraka kuliko nilivyoshuka.

Watu hujazana kwenye vazi lake la maziko, vipande 2,291 vya jade, jiwe la thamani, vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Mimi nilinasa kwenye muhuri wa dhahabu, mraba wa kama sentimita 3, juu yake joka amejikunja. Maandishi yake yanamwita Kaizari Wen. Kaizari! Wakati kwa watawala wa Han, nasaba iliyotawala China huko kaskazini, alijitambulisha kama mfalme tu, tena aliye chini yao. Ujanja huo aliurithi kwa babu yake, Zhao Tuo, jenerali wa Qin, nasaba iliyoitangulia Han, aliyeuanzisha ufalme huo.

Mwaka 135 KK jirani yake, Minyue, alimvamia. Zhao Mo hakupeleka jeshi. Aliandika barua kwa Kaizari Wu wa Han, akishtaki kama mtiifu. Majeshi ya Han yakatoka, na kabla hayajafika mfalme wa Minyue akauawa na mdogo wake mwenyewe. Sasa deni likaja: Zhao Mo aende Chang'an, mji mkuu wa Han, kushukuru. Washauri wakamwonya kwamba akienda harudi, na nchi itakwenda naye. Akasema anaumwa. Akamtuma mwanawe, Zhao Yingqi, akakae huko badala yake. Miaka zaidi ya 10 baadaye Zhao Mo akaugua kweli, ndipo mwana akaomba ruhusa ya kurudi. Wengine watamwita mwoga. Kwangu mimi huyu alijua kuchelewesha malipo, maana ufalme ulidumu hadi mwaka 111 KK ndipo Han wakaumeza.

Na alikula vizuri! Yapo majiko ya shaba ya kuchomea nyama pamoja na vijiti vya mishikaki, na jiko moja limepambwa kwa vinguruwe vidogo. Yalipatikana pia mabaki ya ndege wadogo zaidi ya 200.

Kilichonisimamisha mwisho ni pembe tano za ndovu. Wataalamu waliozichunguza wanasema zinafanana zaidi na za ndovu wa Afrika kuliko wa Asia. Kumbe mizigo kati ya kwetu na Guangzhou huenda ilianza zamani, ila wakati huo wao ndio waliokuwa wanunuzi.

Ukienda, tenga nusu siku, na uanze na kaburi kabla makundi ya wanafunzi hayajafika.