Vita vya Maji Maji vina wajukuu

Wiki hii kidato cha tatu tuko kwenye Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sababu zake wanafunzi wanazikariri upesi: kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba. Leo nikawaambia wafunike madaftari, nikawasomea habari ya Novemba 1, 2023, siku Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Makumbusho ya Maji Maji pale Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda wazee wetu. Alikutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, aliyenyongwa 1906. Ukoo huo mpaka leo unakitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Kwani mwalimu, Songea ana wajukuu?"

Anao, na wako hai. Swali lile limenikaa moyoni. Mitihani imewafanya watu hawa kuwa majina ya kujazia nafasi tu.

Nikakawia kwenye njaa, maana noti nyingi zinaipita mbio. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaofikisha idadi ya waliokufa hadi 300,000. "Na mbegu?" akauliza mwingine, mtoto wa mkulima. Mbegu pia. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Hapo mmoja akaitaja Sudan. Alisikia redioni kwamba mji wa El Fasher ulizingirwa chakula kisiingie. Nikamkubalia kwamba yanafanana, ila sikutaka tuishie hapo. Kwetu Kusini ilikuwa dola ya kikoloni ikivunja upinzani. Sudan, tangu Aprili 2023, ni majeshi mawili ya nchi moja yanayogombea madaraka. Basi tukabishana mpaka kengele ikalia, na hata baada ya kengele wawili wakanifuata mlangoni.

Mwalimu mwenzangu ananionya kwamba silabasi haitaisha. Hofu yake naielewa, mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Lakini mtoto anayeijua njaa ya Ungoni kwa tarehe, kisha asiitambue anapoisikia kwenye habari, siwezi kusema nimemfundisha historia.

Kwa kipindi kijacho nimewaagiza wasikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kila mmoja aje na habari moja ya Sudan, na aseme aliyeitoa ni nani na ni nani hakuulizwa.