Siku yangu kwenye kibanda cha kuchapa, njia ya Kasapa

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa teksi-basi. Simu iko mfukoni, data imezimwa. Mega ni pesa, na za leo ni za kazi.

Saa moja na nusu nafungua kibanda, si mbali na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nachapa TFC na mémoire, yaani kazi za wanafunzi za kumaliza masomo, nanyoosha majedwali, naprinti, nafunga vitabu.

Saa mbili nawasha data. Muuza nyanya anaweza kuacha simu nyumbani, lakini kazi yangu yenyewe inaingia kupitia WhatsApp. Sura ya pili ya mteja inafika pamoja na video za harusi, ubishi wa mpira wa Mazembe na Lupopo, na ujumbe mrefu wa sauti wa shangazi. Mlango ni huo huo mmoja. Nikiufunga, mteja naye amebaki nje. Basi napakua mafaili yote kwenye kompyuta, nazima data mpaka saa sita. Ukutani nimebandika karatasi: "Mwenye haraka apige simu." Wanaopiga ni wachache. Haraka ikianza kula unite (salio) za mtu, hupoa yenyewe.

Saa tatu mpaka saa sita, kuchapa tu. Kuna mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwangu haukai. Kengele inalia nikiwa katikati ya jedwali, na nikirudi sijui nilikuwa safu ipi. Mimi nahesabu kurasa.

Saa sita nawasha tena, huku nakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Hapa ndipo pa hatari. Mwaka 2006 Aza Raskin, Mmarekani, alibuni ukurasa unaojiongeza kadiri unavyoushusha, na baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Zamani ukifika chini ilibidi ubofye ili uendelee, na hapo kwenye kubofya ndipo mtu alipokumbuka kazi. Ndiyo maana TikTok nimeifuta kwenye simu hii. Gumzo la WhatsApp, hata liwe refu namna gani, lina ujumbe wa mwisho.

Saa nane umeme unakatika. Nabaki na betri ya kompyuta. Mwanafunzi anaingia, ananiita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, umesikiliza sauti nilizokutumia?"

"Bado. Kaa hapa, niambie kwa mdomo."

Kumbe anataka tu namba za kurasa zianzie kwenye utangulizi. Tumemaliza kabla hajakaa vizuri.

Saa kumi umeme unarudi, naprinti mpaka saa kumi na moja na nusu, nafunga.

Saa tatu usiku, nyumbani, nawasha data bila kudaiwa ukurasa na mtu. Shangazi ndiye namjibu wa kwanza. Yeye asipopata jibu, hupiga kweli.